Koti la Kitivo cha Kilimo

Binamu yangu Dagyeong alipopata nafasi Kitivo cha Biashara, mama yake, shangazi Mansuk, alimnyang'anya koti la kitivo siku ileile. Mwaka mzima alilivaa sokoni hapa Gwangju, akiwaringishia wauza samaki jina la chuo na kitivo lililoandikwa mgongoni. Hapa kwetu mtoto ndiye anayesoma, mama ndiye anayevaa.

Kisha Dagyeong akahama kitivo. Chuo kilekile, ila sasa Kilimo, tena bila kumuuliza mtu. Sikukuu ya mavuno, ukoo mzima umekusanyika kwetu, akaingia na koti jipya la kijani.

Baba yangu hakungoja hata supu ipoe. "We mtoto una wazimu? Unaacha Biashara ukasomee mbolea? Nani atakuoa unanuka ng'ombe?"

"Atakayenioa ana pua yake, Mjomba. Na huo wali unaoufakamia, unadhani ulichapwa benki?"

Nilicheka. Mama akanifinya paja.

"Mansuk, mwambie mwanao!" baba akafoka. "Sasa sokoni utavaa nini?"

Shangazi aliliangalia lile koti. Akainuka, akamvua Dagyeong, na sote tukajua linakwenda jalalani. Akalivaa yeye. Akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akageuka ili baba ausome mgongo vizuri.

"Leo soko limefungwa, Kaka," akasema, akivaa viatu mlangoni. "Basi naanza na majirani zako."