Mstari Haukupanda

Nilirudi kijijini kwetu Ole msimu wa karafuu na kompyuta begani, najiona mtu mbele ya watu. Nilikuwa natengeneza programu ya kubashiri ni sauti gani, kati ya sauti nyingi, itakayolishtua sikio la mwanadamu. Sauti ikijitokeza, mstari kwenye kioo hupanda. Ikijirudiarudia, programu huizoea na mstari hulala.

Shambani wachumaji huitana. Aliye juu ya mkarafuu hupiga "Huu!", wa mti wa pili humjibu, na walio chini hujua kwamba wote wazima. Siku hiyo baba alikuwa juu, na ami, mdogo wake, mti wa pili. Chini mama alikuwa akichambua karafuu, nami nimeziba masikio kwa hedifoni zinazoniletea sauti za shamba kupitia kompyuta, naangalia mstari. Pikipiki ikipita, unapanda. Kunguru akilia, unapanda. Mwito wa baba ulikuwa umeshazoeleka, mstari haukuushughulikia tena, na mimi nikacheka peke yangu kwa furaha ya kazi kwenda vizuri.

Kisha nikasikia kitu kifupi, cha chini, kama mtu anayesafisha koo. Nikatazama kioo. Mstari umelala. Nikaendelea na kazi.

Mama akainuka ghafla, karafuu zikamwagika mkekani. Akanivua hedifoni kwa nguvu.

"Babaako kanyamaza! Weye husikii?"

"Huu!" ami akaita. Hakujibiwa. Akaita tena.

Nilikimbia hadi shinani nikisoma dua nusunusu, ninayoijua tangu chuo cha Kurani ikinipotea, maana sikujua nakwenda kuona mtu au maiti. Tawi lilikuwa limekatika. Baba alikuwa amenasa kwenye panda ya mti, kamba aliyojifunga imembana kifua, miguu inaning'inia bila kutikisika. Ami alipanda mbio, akailegeza kamba, akamteremsha hadi mikononi mwetu. Tukamlaza mkekani juu ya karafuu. Alikawia kuvuta pumzi, akakawia mno, na mama akanisukuma pembeni, akampepea.

Alipopata sauti, alinitazama mimi.

"Nilikwita, mwanangu. Hukunsikia?"

"Sikukusikia, baba," nikamjibu, na ile sauti ya kusafisha koo ingali sikioni mwangu.