Sifuri ya Mhandisi

Mwalimu Nemesia Quilodrán ndiye aliyetufundisha kemia sote kijijini, chini ya mgodi wa shaba, na hasira zake zilijulikana hadi bonde la pili. Mtoto akishika kichupa cha kupimia na vidole vyenye mafuta ya sopaipilla, yale maandazi ya maboga, alitolewa nje, kwani alama ya kidole huzuia mwanga, nayo mashine ya kupima mwanga hudhani ni rangi ya maji.

Mhandisi wa mgodi alipokuja kupima maji ya bomba, tulijazana uwanjani. Dawa yake hufanya maji yenye shaba yawe ya samawati. Rangi ikizidi, mwanga unaopita hupungua. Akatia dawa kwenye maji ya mtoni, akaiagiza mashine yake iyahesabu kuwa sifuri. Kisha akapima ya bomba. Sifuri. Tukapiga makofi kama majuha.

“Mnashangilia nini?” mwalimu akafoka. “Bomba lenu linatoka wapi kama si mto huohuo? Kalinganisha mto na mto wenyewe.” Akamgeukia mhandisi. “Na wewe, sifuri huwekwa kwa maji yasiyo na shaba. Nani alikufundisha upuuzi huu?”

“Mama, usinikasirikie bure. Maji yasiyo na shaba nitayapata wapi huku?”

Mwalimu akatunyoshea mkono sisi wote uwanjani.

“Haya,” akasema, “rudia hilo swali kwa sauti, wote wakusikie.”