Sahani iliyoandaliwa kisiwani kabla sijafika (Uvira, miaka ya hamsini)

Wakuu, heshima kwenu, wakubwa kwa wadogo.

Kuna ndugu alifungua uzi humu akiuliza: ukienda likizo kisiwani kwenye maziwa yetu haya, ule wapi? Nimesoma majibu yote. Mmemtajia hoteli na mmeweka picha za samaki na limau. Hakuna aliyemwambia jambo ambalo mimi ningeanza nalo, kwamba kabla ya kunawa mikono aulize sahani ni ya nani.

Nitaeleza kwa nini. Sitaongeza chumvi. Pale nisipojua nitasema sijui, na mtaona ni pengi. Nikiandika kama barua mnisamehe, ndivyo tulivyofundishwa.

Mimi ni mzee wa Uvira. Haya yalitokea Wabelgiji bado wako. Nilikuwa kijana, nimetoka shule ya walimu na diploma yangu, nimepangiwa kufundisha shule ya kijiji cha Kiringye likizo ikiisha.

Nilikuwa mtu wa mawazo. Nikifunga mlango, narudi kuutikisa. Nikisalimiwa na Padri bila tabasamu, silali, natafuta kosa langu. Mama yangu, mtu wa Lemera huko juu milimani, alikuwa akiniambia, "Weye utachoka mbele ya kufanya kazi," yaani kabla hata sijaianza.

Sasa, likizo kwetu wakati ule ilikuwa kwenda kulimia bibi yako. Lakini shuleni kulikuwa na magazeti ya zamani ya Mapadri, na ndani yake niliona picha moja. Mzungu amekaa peke yake kisiwani, mbele ya maji, kiti kimoja, meza ndogo, sahani imeshaandaliwa. Chini waliandika kwamba huko mgeni hasubiri chakula, chakula kinamsubiri mgeni.

Picha ile ilinikaa kichwani. Nikaona mtu mwenye diploma lazima ale hivyo hata mara moja kabla hajaanza kazi.

(Mnicheke tu. Nilikuwa nimebeba na kitambaa cheupe cha kufutia mdomo.)

Kulikuwa na mvuvi akiitwa Lubunga, aliyekuwa akileta ndagala, dagaa wa kwetu, sokoni. Nilimwomba anipeleke kwenye kisiwa chochote. Akanitazama sana. Akasema kuna kimoja pale mto Ruzizi unapoingia ziwani, kuna kambi ya wavuvi, atanishusha asubuhi na kunichukua kesho yake.

Nikamwambia nitabeba mihogo na karanga, isije nikakosa chakula.

"Usibebe kitu," akasema. "Kule chakula iko."

Hiyo sentensi muishike.

Asubuhi maji yalikuwa yametulia mno. Upande ule tuliuona mji wa Usumbura na mabati yake yanang'aa. Lubunga alipiga kasia bila kupumzika. Aliponishusha hakupanda nchi kavu, alisukuma mtumbwi kwa kasia na kuondoka. Alipofika mbali kidogo, nilimwona anainama na kunawa uso. Nikaanza kujiuliza kwa nini ananawa uso. Lakini mimi hujiuliza kila kitu, kwa hiyo sikujiamini.

Kisiwa chenyewe kilikuwa mchanga na mafunjo, na vibanda vya matete. Ndagala zilikuwa zimeanikwa, lakini mtu wa kuzigeuza sikumwona. Nikapiga hodi kila kibanda. Kimya. Viboko tu niliwasikia wakikoroma ndani ya mafunjo.

Kibanda cha mwisho ndicho kilichokuwa karibu zaidi na maji. Mbele yake kulikuwa na kiti kimoja kinatazama ziwa. Meza ndogo. Bakuli la maji ya kunawa. Na sahani imefunikwa.

Wakuu, ilikuwa ni ile picha.

Nilisimama pale nikifikiri mpaka miguu ikauma. Je, ni chakula cha mtu? Lakini mtu yuko wapi? Je, Lubunga alituma habari kwamba mwalimu anakuja? Nikafunua. Bukari, yaani ugali, bado ya moto, mvuke unatoka, na samaki mzima, kuhe mkubwa katika mawese. Mtu anayejipikia mwenyewe haachi kuhe wa moto na kwenda zake. Hiki kimeandaliwa kwa mgeni, na mgeni hapa ni mimi. Hiyo ndiyo hesabu niliyoifanya, na kwa mara ya kwanza maishani niliridhika na hesabu yangu.

Nikanawa. Nikatandika kitambaa changu magotini. Nikala.

Nitakuwa mkweli: sijawahi kula samaki kama yule.

Nilikuwa karibu kumaliza nilipoona mama mmoja mzee amesimama pembeni ya mafunjo, kichwa kimenyolewa. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Nikainuka nikimwomba radhi. Akanionyesha kwa mkono nikae.

"Umechelewa," akasema.

"Mama, minye ni mgeni. Niko mwalimu, nimetoka Uvira."

"Iko vile. Kula. Weye hauachake kichwa ya samaki."

Mimi nilizaliwa milimani, kichwa cha samaki kilikuwa kinanitia kichefuchefu. Nikatazama sahani nimwonyeshe kwamba nimekiacha. Hakikuwepo. Palikuwa na mifupa yake tu, imenyonywa ikawa safi.

Nikatoa pesa mfukoni nikaweka mezani. Akazirudisha kwangu taratibu. "Nyumbani hakulipwi, Kashindi."

Basi nikajua pale kuna jambo.

Akaja mwanamke kijana na mzigo wa kuni kichwani, kamba ya mgomba imefungwa kiunoni kama wajane wa pale. Aliitwa Nyota. Alipoiona sahani, kuni zilianguka.

"Amekula yote?"

"Yote," mama akajibu.

Nyota akakaa chini pale pale, akafunika uso. Halafu akasimama na kwenda kuwaita wengine. Kumbe walikuwa ng'ambo ya mafunjo, kwa sababu kisiwani kwao hakuna anayekaa karibu na kile kiti saa ya chakula.

Aliporudi nilimvuta pembeni. "Dada, Kashindi ni nani?"

"Bwana yangu. Ziwa ilimuchukua. Mwili haukuonekane."

"Mimi si Kashindi."

"Ninajua," akasema, na akaongea kwa upole kama anazungumza na mgonjwa. "Lakini umekula. Mama yake hajatia kitu kinywani mbele ya watu tangu siku ile. Minye siwezi kurudi kwetu Nyakabere, siwezi hata kufungua hii kamba. Leo tutamaliza kilio. Muntu akikuambia neno, jibu 'Nimesikia'. Usijibu ingine. Jua likifika ku milima, tutakurudisha."

"Wapi?"

"Ku maji."

Wakuu, fikirieni mtu wa mawazo kama mimi anaambiwa hivyo. Lubunga harudi mpaka kesho. Kuogelea sijui. Kwenye mafunjo kuna viboko, kwenye mchanga kuna alama za mamba. Nikahesabu kila njia ya kutoka na zote ziliishia majini. Nikarudi kwenye kile kiti, nikakaa.

Watu wakaanza kuja mmoja mmoja.

Wa kwanza alikuwa mwanaume mnene, akachuchumaa mbele yangu bila haya yoyote. "Kashindi, ule wavu uliochanika, ni minye niliuchana. Ukamupiga bure mudogo wako."

"Nimesikia," nikasema.

Akaja bibi mmoja. "Ulikuwa unanipita bila kunisalimia, na kiburi yako kama ya mukarani. Nimekusamehea. Lakini si kabisa."

Watu wakacheka. Mwingine nyuma akasema, "Ameneneka kule alikuwa. Samaki wanamulisha vizuri kumupita Nyota." Nyota naye akacheka, akampiga yule mtu kofi la mgongo.

Hicho kicheko ndicho kilichonitisha kuliko vyote. Wangelia ningewaelewa. Walinitania kama wanavyomtania mtu waliyekua naye, na kila mmoja alinitazama hapa, kwenye paji la uso, kidogo juu ya macho.

"Nimesikia," nilikuwa nasema. "Nimesikia."

Wakati ule jua lilikuwa limeshuka. Aliyebaki ni yule mama mzee, mama yake Kashindi. Akavuta kigoda, akakaa karibu mpaka magoti yetu yakagusana. Halafu akauliza, sauti ndogo:

"Ulisikia baridi?"

Nilijua jibu nililopewa. Nililiweka tayari kinywani. Naapa kwenu nililiweka tayari.

Nikasikia sauti yangu inasema, "Hapana mama. Nilivaa lile sweta la kijani."

Nyota alishika mdomo.

Mama alinitazama, sasa machoni kabisa. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa habari aliyoitaka kwa muda mrefu. Akaivuta ile sahani, akapitisha kidole kwenye mawese yaliyobaki, akalamba. Akapitisha tena. Mtu mmoja akaleta bukari mbio, wakamwekea pale pale kwenye sahani yangu, naye akala mbele yetu wote, machozi yanashuka, haachi kula. Nyuma yake Nyota alikuwa anafungua kamba.

Kuhusu lile sweta nimefikiri maisha yangu yote. Labda Lubunga alilitaja sokoni siku nyingine nikasahau. Labda niliona uzi wa kijani umenasa kwenye matete. Labda masweta ya kijani yalikuwa mengi Uvira mwaka ule. Nina majibu mengi, na hakuna linalokaa.

Wakanipeleka kwenye mtumbwi. Aliyepiga kasia alikuwa Sadiki, mdogo wake Kashindi, yule aliyepigwa bure kwa ajili ya wavu. Niliambiwa nisigeuke. Nyuma yangu sikusikia mtu akilia wala akiaga. Nilisikia vyombo vinaoshwa.

Katikati ya maji Sadiki akaacha kupiga kasia.

"Inama," akasema.

Nilianza Salamu Maria na sikuweza kufika katikati.

"Inama, osha mikono. Na kinywa."

Nikanawa. Nikasukutua. Maji yalikuwa ya vuguvugu.

"Sasa, unaitwa nani?"

Hapa ndipo ninapowaomba msinione mwongo. Jina langu halikuja. Nililitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, nikipapasa, na Sadiki alikuwa ananisubiri huku ameshika kasia kwa mikono miwili, kama mtu anayejikinga. Ndipo nikajua kwamba yeye anaogopa kuliko mimi.

Likaja. Nikalitaja lote, la ubatizo na la kwetu.

Akatoa pumzi. "Aksanti, mwalimu." Ilikuwa mara ya kwanza siku ile mtu kuniita mwalimu. Akanieleza basi: kwao, mtu akipotea ziwani bila kuonekana, kila siku wanapika chakula alichokipenda na kukiweka mbele ya maji. Kilio hakiishi mpaka mgeni atoke ziwani na kukila mwenyewe, bila kuitwa na bila kuambiwa. Huyo wanamwambia yote yaliyobaki, kisha wanamrudisha, wanamwosha, wanamrudishia mgeni jina lake mwenyewe. Sijui kama ni desturi ya wavuvi wengine. Nimeuliza Warundi na Wafuliiru wa tambarare, wamenitikisia vichwa.

Nikamwuliza Sadiki, kama jina langu lingekataa kuja?

Alipiga kasia.

Lubunga alikuwa ufukweni Uvira, amekaa juu ya mtumbwi wake, kama mtu aliyejua saa yetu. Nilimwendea na hasira.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Muntu akiambiwa, hawezi kula," akasema. "Na huku ku ziwa wote walishaambiwa. Nilitafuta mwenye hajui. Mama ya Kashindi ni dada yangu."

Nilitaka kumtukana. Nikakumbuka yule mama akilamba kidole. Nikaenda nyumbani.

Nilifundisha Kiringye, nikaoa, nikazeeka. Nyota nilimwona mara moja njiani, Nyakabere, ana mtoto mgongoni. Tulisalimiana vizuri. Alinitazama machoni, si kwenye paji la uso, na nilishukuru.

Kwa hiyo, ndugu uliyeuliza pa kula kisiwani: kula popote. Wale watu hawakunitendea ubaya, na samaki wao sijapata wa kumfananisha. Ila ukikuta kiti kimoja kinatazama maji, na chakula cha moto bila mwenyewe, usifanye hesabu kama yangu. Kaa na njaa yako, subiri mtu, uliza. Na kama ulikula tayari, akija mama mzee kukuuliza neno, sijui nikushauri nini. Mimi mwenyewe sijui kama ni mimi niliyemjibu.

Wenye kujua pwani ile, au waliosikia desturi kama hii Fizi au ng'ambo Burundi, naomba mseme hapa chini. Nina swali moja tu, nalo ndilo lililonifanya niandike: mtu akishaoshwa na kurudishiwa jina, yule mwingine anaondoka kabisa?

Nauliza kwa sababu nyumbani kwangu, samaki akipikwa, wajukuu hawagombanii kichwa. Wanakisukuma upande wangu bila hata kufikiri. Babu haachi kichwa, wanasema.

Mama yangu wa Lemera, aliyejua nilivyokichukia kichwa cha samaki tangu utoto, alinitazama nikikila mpaka alipokufa.