Kibuyu cha Mama

Ulikuwa ule mwaka wa njaa tulikula ugali wa mahindi ya njano ya msaada, ugali wa kunuka gunia. Mpaka leo, nikisugulia wajukuu wangu kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya ng'ombe ya kugandishwa, ule moshi wa mkaa wa mti wa senetwet unanirudisha jikoni kwa mama, mimi nikiwa msichana mdogo.

Mama alikuwa ametoka hospitali, amekatwa titi moja sababu ya kansa. Shangazi, dada ya baba, akaacha majani chai yake yakauke kwa kikapu, akaingia bila hodi kama kuku.

“Toa kibuyu. Mursik nitatengeneza mimi. Maziwa ya mwanamke wa titi moja yanaharibika.”

Kwetu, ukinyang'anywa kibuyu umenyang'anywa nyumba.

Mama alikuwa anasugua kibuyu ndani kwa mkaa, na hakuacha. “Kibuyu changu sitoi. Nimekatwa titi, sijakatwa mikono.”

Baba alikuwa hapo, anaangalia viatu vyake. Mwanaume mzima!

Jumapili wageni wa kanisa wakaja. Shangazi akanywa ile mursik ya mama mpaka ikamshika kwa masharubu, maana alikuwa nayo. Akapangusa mdomo bila haya.

“Hata hivyo, toa kibuyu.”

Mama akamjazia kikombe tena, wageni wote wakiangalia.

“Kibuyu changu sitoi. Nimekatwa titi, sijakatwa mikono.”