Picha ya Vumbi la Kahawa

Nilipobeba kamera kwenda kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa, Bukoba mjini, sikwenda kutafuta uzuri. Nilikwenda na hasira. Mama yangu alichambua kahawa humo miaka na miaka, kinga yake ya pua ikiwa kipande cha kanga tu, hadi kifua kikamrudisha nyumbani Muleba. Nilitaka picha ya kumwonyesha afisa wa afya, aliyekuwa ameniambia kwamba malalamiko bila ushahidi ni porojo.

Mashine zikanguruma, vumbi la maganda likatanda. Jua likapenya kwenye matundu ya misumari ya paa la bati, likashuka mistari mistari hadi kwenye vilemba vya wanawake waliokaa sakafuni. Nguzo zenye kutu zikawa na rangi ya asali. Nilipiga picha huku nikijilaani. Mahali pabaya vile palipata wapi haki ya kupendeza?

Afisa aliishika picha kwa ncha za vidole.

"Aisee, una jicho! Nitengenezee kubwa, niitundike hapa ofisini."

"Na vumbi je?"

"Vumbi gani tena? Mbona huu ni mwanga."

Nilimpokonya. Sikuaga. Nilitukana njia nzima hadi Muleba, na zaidi ya afisa niliitukana kamera. Shahidi niliyempeleka mwenyewe alikuwa amekwenda kumtetea mshtakiwa.

Mama aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Saa tatu hiyo," alisema. "Tulikuwa tunaingojea. Tunaacha hata kuimba, tunaangalia tu."

"Kwa hiyo ulipapenda?" Nilimkasirikia hata yeye.

"Nilipapenda, mwana wange. Kwani macho nayo yanakohoa?"

Kikohozi kikamshika palepale. Alishikilia ukingo wa kitanda mpaka kikapita, kisha akaweka kidole kwenye mwale mmoja.

"Pasipo vumbi usingeuona huu. Hiki ndicho nilichokuwa navuta."

Kwetu mgeni hakai bila kupewa akamwani, kahawa za kutafuna, katika kikapu kidogo. Kikapu cha Mama hukaa juu ya kabati, mkabala na mlango. Aliniamuru nipigilie picha ukutani, juu yake.

"Atakayeisifu," alisema, "mwache aisifu. Akishatia kahawa mdomoni, mwambie hicho anachokisifu kimo kifuani mwangu."