Majibu Manne kwa Mama wa Lusaka

Mimi sikusoma. Anayeandika haya ni mjukuu wangu, mwanafunzi wa sekondari hapa Kaaga, na nimemwonya kwamba akiongeza chumvi nitajua, kwa sababu kila ukurasa atanisomea kwa sauti.

Dada yake mkubwa alipoposwa na kijana wa Zambia, wanaume wa nyumba hii waliuliza habari za mbuzi, asali na bunda la miraa. Mimi niliuliza jambo moja tu: mama yake ni mtu wa namna gani? Binti huyo ana jina langu, kama ilivyo desturi yetu kwa binti wa kwanza wa mwanangu. Kwa hiyo aendako, nimekwenda. Akipuuzwa huko Lusaka, nimepuuzwa mimi. Na mama huyo, tuliambiwa, hajui Kimeru wala Kiswahili. Anajua lugha ya kwao na Kiingereza.

"Nitakutafsiria, Nyanya," akasema huyu anayeandika.

"Mwanamke hampimi mwenzake kwa mdomo wa mtoto," nikamjibu.

Nikaamuru nifundishwe Kiingereza. Alicheka hadi akashika ukuta, kisha akanipa shauri: nisijifunze kuzungumza, nijifunze kujibu. "Kuna majibu yaliyo tayari, Nyanya. Mgeni anasema, wewe unatupa moja, yeye anaendelea. Atadhani unaelewa yote."

Mpango huo ulinipendeza kupita kiasi. Tulijifunza tukichambua maharagwe. La kwanza lilikuwa "So far so good", la kumjibu anayeuliza hali: hadi hapa tulipofika, ni salama. La pili, "You don't say!", la kushangaa habari. La tatu, "Tell me about it", la kumwambia anayelalamika kwamba hata wewe umeyaonja. La nne, "Why not?", la kukubali bila kuonyesha pupa.

Hapa ndipo ujinga wangu ulipoingia, na uliingilia mlango wa kanisa. Kila nilicho nacho kichwani kiliingia kwa njia moja: mchungaji husema lake, sisi hujibu letu, na mpangilio haubadiliki tangu nilipokuwa msichana. Basi nikayapanga majibu yangu kwenye vidole, kuanzia gumba, nikayakariri kila nilipokamua, hata ng'ombe akazoea kutikisa sikio kwenye la tatu. Halikunijia wazo kwamba mgeni hakupewa kitabu cha ibada hiyo.

Siku ya kuja kwa wageni wa Lusaka ilipofika, wanaume walibaki sebuleni na maneno yao, na mgeni wangu, mama wa kijana, akaletwa kwetu wanawake, kwenye uji. Alikuwa mama mnene aliyejifunga kitenge kizuri. Alinishika mikono yote miwili, akasema jambo kwa sauti ya chini. Nikabana kidole gumba.

"So far so good," nikasema.

Mjukuu akaninong'oneza kwa Kimeru: "Amesema mumewe alifariki, na kwamba angalitamani kuwa hapa leo."

Mwenye akili angalikomea hapo. Mimi niliona kwamba ikiwa la kwanza limepotea njia, la pili litalirudisha. Mgeni akajikaza, akasema, kama nilivyokuja kuelezwa maneno yake yote baadaye, kwamba ameambiwa mimi ni mkali na kwamba alikuja akiniogopa.

"You don't say!" nikapaza sauti, nikainua mkono kama nilivyofundishwa. Shangazi wa bibi harusi akainamia kibuyu cha uji, mabega yakimtetemeka.

Mgeni akasema tena, polepole. Kumtoa mtoto aende mbali ni kazi ngumu, alisema.

"Tell me about it."

Macho yake yakalainika. "Hilo limeingia sawasawa, Nyanya," mjukuu akanong'ona. "Nakuomba, acha hapo hapo."

Sikuacha. Nilikuwa na kidole kimoja chenye neno, na sijawahi kutoka kanisani kabla ya jibu la mwisho. Mgeni aliposogea na kuniuliza, kwa unyenyekevu kabisa, kama nadhani atamtesa binti yangu, nilitabasamu vizuri na kumwambia, "Why not?"

Akaachia mikono yangu. Akaweka bakuli chini. Mlangoni nikamwona binti mwenye jina langu, ameziba mdomo kwa kiganja, na macho yake hayakuwa ya kucheka.

Sikuwa na kidole kingine chenye neno.

"Sasa tafsiri," nikamwambia mjukuu. "Usipunguze, usiongeze. Mwambie sijui Kiingereza. Nilikuwa na majibu manne, na yote nimeyapanda kwenye mawe. Mwambie nilitaka kujua jambo moja tu: mtoto huyu akiugua usiku nyumbani kwake, nani ataamka?"

Mgeni alisikiliza hadi mwisho. Akanitazama, akavitazama vidole vyangu, kisha akacheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Anasema ataamka yeye," mjukuu akatafsiri. "Tangu afiwe, usingizi wake ni mwepesi. Ila anauliza, akishaamka, mtoto wako hupikiwa nini?"

Hilo halikuhitaji lugha. Nikamwongoza jikoni, nikamwekea unga wa wimbi mbele yake. Alikoroga, akaonja, kisha akauvuta ukuni mmoja nje ya moto kabla uji haujafurika, bila kuagizwa na mtu. Nikawaambia wanaume kwamba upande wangu sina neno.

Binti akaenda. Baadaye tukasikia ameshikwa na malaria, nami sikula vizuri hadi mjukuu alipoipata Lusaka kwa simu. Nikaichukua simu mwenyewe. Nikalitaja jina la binti, ambalo ni langu, kisha nikaishia hapo, kwani kuuliza sikuwahi kufundishwa.

"So far so good, Mama," akasema yule mama, polepole, kila neno peke yake.

Nikatazama vidole vyangu. Gumba amelichukua yeye. Nikatoa cha pili, "You don't say!", ambacho mjukuu huyu anashikilia mpaka leo kwamba hakikufaa. Na kisifae. Mama yule alicheka, na nyuma yake, kwa sauti dhaifu lakini ya mtu aliyeketi wima, nikasikia jina langu likicheka pia.