Madaftari Manne ya Fundi wa Nguo

Fundi wa nguo tuliyepakana naye duka huko Kitengela alikuwa akipunguza sketi zake mwenyewe kiunoni, pini zimebanwa midomoni, na kila mwaka alizipunguza tena. Tumbo likimshika, alisimamisha cherehani katikati ya mshono, akakunja ngumi juu ya kitambaa, akangoja, kisha akaendelea. Wateja walimfundisha maisha: punguza pilipili, wacha mawazo, umerogwa. Yeye alitabasamu tu. Mimi ndiye niliyechemka. Na yule daktari wa zahanati! Alimwandikia amiba ama taifodi kabla hajakaa vizuri, kwenye daftari la shule ambalo kila mgonjwa hujinunulia. Miaka tisa, madaftari manne, na hakuna siku alijisumbua kurudi nyuma hata ukurasa mmoja.

Mwaka wa 2003 nilimpeleka hospitali Nairobi, wakamchunguza matumbo kwa kamera. “Ni ugonjwa wa Crohn,” daktari wa huko akamwambia. “Kinga ya mwili wako inashambulia matumbo yako. Kwa nini, bado hatujui vizuri. Hauponi kabisa, lakini tuko na dawa ya kuutuliza.”

“Si kitu nilikula?”

“Hapana, mama. Chakula kinaweza kukusumbua, lakini hakikuleta huu ugonjwa.”

Safari hii fundi hakutabasamu. Alitoa madaftari yote, akayafungua kutoka nyuma. Kurasa zilijaa mwandiko wake mdogo: maziwa, maharagwe, chapati, nyama ya Krismasi, kila alichojinyima na tarehe yake. Akayapiga kwa kiganja hadi meza ikatikisika.

“Sasa hivi vyote,” akauliza, “nilikuwa najinyimia nini?”